Uyoga Mweupe Nilioutambua Mimi

Jumatatu, 13 Januari 2025

Mvua siku tatu mfululizo. Bati linavuja juu ya kitanda, upande wa mke wangu Julieth. Nimemshauri alale amejikunja.

Habari kubwa: hapa Usoke amefika mgeni. Daktari Zeyana, kutoka Tabora mjini, wa ukoo wa Waarabu waliouza vitambaa tangu enzi za misafara. Nilikwenda kumwonyesha goti langu. Akaniambia kwa upole kwamba yeye si daktari wa watu, ni daktari wa uyoga. Nikamuuliza iwapo uyoga nao huugua. Akasema hapana, yeye kazi yake ni kuutambua tu: upi ni upi, unaota chini ya mti gani, unaliwa au hauliwi.

Mchana mwenyekiti wa kijiji akatuita. Akatangaza kwamba Daktari anatafuta mtu mmoja anayeujua uyoga wa miombo yetu, amwongoze msimu mzima. Mtu huyo atakaa kiti cha mbele cha gari.

Watu wote wakageuka kumtazama Imakulata. Nikanyoosha mkono mimi.

Imakulata ni mjane anayeuza uyoga kwenye ungo pale stesheni. Hajui kujieleza. Isitoshe ana majivuno: anadai amenizidi miaka mitatu na kwamba nimpe shikamoo. Cheti cha ubatizo hajawahi kukionyesha. Sijampa, na sitampa.

Mwenyekiti aliniuliza, mbele ya watu, ujuzi wangu nimeupata wapi. Nilimjibu kwamba nimekuwa karani wa kupanga madaraja ya tumbaku kwa miaka kumi na tisa. Mtu aliyetofautisha jani la daraja la kwanza na la pili kwa kunusa hawezi kubabaishwa na uyoga. Watu kadhaa walikohoa. Nadhani iliwaingia.

Daktari ameamua kutupima sote wawili Jumamosi, saa nne asubuhi. Kila mmoja alete uyoga wake na aueleze.

Jumanne, 14 Januari

Nimekaa na daftari kuandika yote ninayoyajua kuhusu uyoga. Kwanza: huota wakati wa mvua. Pili: mtamu ukiungwa na karanga. Nimekaa sana. Tatu haijaja.

Julieth amesema hata kware niliwaanza hivihivi. Sitaki kuzungumzia kware. Walikuwa mia moja na ishirini, na hakuna aliyeniambia kwamba wanaruka.

Jioni nikapata mbinu. Wengine husoma vitabu. Mimi nitamsoma Imakulata mwenyewe, nyumanyuma, bila yeye kujua. Atakachochuma, nakariri. Jumamosi nitakieleza vizuri kuliko yeye, maana mimi nina ufasaha.

Jumatano, 15 Januari

Nilitoka alfajiri na koti langu la mvua la kijani, rangi ya majani. Imakulata alikata reli, akashika njia ya zamani ya misafara, akaingia msituni. Nikamfuata kutoka kichuguu hadi kichuguu.

Anafanya kazi polepole mno. Kila uyoga anaupigia magoti. Anachimba pembeni kwa kijiti, anaunyanyua mzima na udongo wake, anaugeuza, anatazama chini, ananusa, kisha anarudishia udongo kwenye shimo na kulipapasa kama anayefunika mtoto. Nimeandika: *Anapoteza muda. Uyoga wake mchafu.*

Baadaye akakatisha mbuga yenye maji. Nami nikakatisha. Maji yalinifika mapajani, yeye yalimfika kwenye vifundo. Bado sielewi alipita wapi. Akapanda kwenye mwinuko, akasimama muda mrefu akiimba wimbo wa kanisani. Nikajibanza nyuma ya mti. Nilikuwa nimesimama juu ya siafu.

Sikupiga kelele. Nilijiuma mkono, nikavua suruali kimyakimya. Hapo ndipo Imakulata aliposema, bila hata kugeuka:

"Valentino, ukimalizana na hao siafu, njoo unibebee kikapu. Kizito."

Nilikibeba. Ningefanya nini? Nilikibeba hadi stesheni, na treni ilikuwa imesimama, na abiria wote walikuwa madirishani.

Hata hivyo sikutoka mikono mitupu. Njiani nilichungulia kikapuni. Kulikuwa na uyoga wa njano, mwekundu, na mmoja mkubwa, mweupe, mzuri kuliko wote. Nimeukariri: *Mweupe. Kofia pana kama sahani ya kikombe. Pete shingoni.* Aliponiona nautazama aliuhamishia chini ya majani. Wivu.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeupata! Ule ule. Nyuma ya bani langu la zamani la kukaushia tumbaku, chini ya miombo, hatua mia mbili tu kutoka mlangoni pangu. Saba, weupe wake kama wa shuka za hoteli, kila mmoja na pete yake. Miaka yote hii Imakulata anahangaika porini na mali iko kwangu.

Nimeukata kwa kisu changu cha tumbaku, usawa wa ardhi, safi, bila chembe ya udongo. Mtu wa madaraja huonekana kwa kazi yake.

Nilifikiri kumwonyesha Imakulata kwa dakika moja tu, kwa tahadhari. Nikajikanya. Huwezi kumpa adui silaha siku mbili kabla ya vita. Nimeupima mwenyewe. Kipimo cha kwanza: mmoja ulikuwa umetafunwa na konokono, na konokono alikuwa mzima. Cha pili: nimeuchemsha na kitunguu, kitunguu hakikubadilika rangi. Nimeandika kwenye daftari: *Uyoga mweupe wa pete. Unaliwa. Umetambuliwa na V. Lugembe.* Nikapiga mstari chini yake.

Treni ya mchana ilimleta shemeji yangu Ngollo kutoka Usinge, amekuja kumsalimia dada yake. Ngollo ni mdogo wake Julieth wa mwisho. Anafuga nyuki kando ya msitu wa hifadhi, anacheka kwa sauti ya kuamsha jirani, na anakula kama watu wawili. Alileta asali dumu zima. Nampenda sana Ngollo. Ndiye mtu pekee aliyenunua kware wangu.

Jioni nikataka uyoga upikwe, ili Jumamosi niweze kueleza na ladha. Julieth alikataa. Akasema uyoga ambao Imakulata hajauona yeye haupiki wala hauli. Akaenda zake kwenye jumuiya kusali. Basi nikapika mwenyewe, na karanga na nyanya. Sita niliutia sufuriani, mmoja nikauweka kando kwa ajili ya maonyesho.

Ngollo alikula sahani mbili, akapangusa sufuria kwa ugali. Mimi niliambulia vijiko vinne. Alisema hajawahi kula uyoga mtamu namna ile tangu azaliwe. Sijawahi kusifiwa mapishi maishani mwangu. Nilitoka nje kidogo, nikasimama.

Ijumaa, 17 Januari

Kumekucha vibaya.

Alfajiri tumbo lilinikamata. Nikakimbilia chooni, nikamkuta Ngollo ameshatangulia, amepiga magoti, anatapika hata hana sauti. Mimi nilitapika mara tatu, nikapata nafuu ya kusimama. Yeye hakupata. Kulipopambazuka mikono yake ilikuwa baridi na midomo imemkauka. Nilimpakia kwenye pikipiki, katikati yangu na dereva, nikamshika kiunoni njia nzima hadi kituo cha afya. Julieth alibaki kutafuta nguo safi na uji.

Tabibu wa zamu, Masanja, alimtundikia dripu mara moja. Kisha akaniuliza tumekula nini.

Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Mke wa mwenyekiti alikuwa pale na mtoto mwenye homa. Na kesho ndiyo Jumamosi.

Nikasema dagaa.

Akauliza dagaa gani. Nikasema wa juzi. Akaandika. Akauliza kama kuna kingine chochote, akasisitiza, maana dawa hufuata chakula. Nikasema ni hao hao dagaa.

Si uongo mkubwa. Dagaa walikuwepo nyumbani. Na kitunguu hakikubadilika rangi.

Julieth alipofika nilimpokea mlangoni, nikamwambia Masanja amesema mgonjwa asisumbuliwe kwa maswali.

Jumamosi, 18 Januari

Mungu ni mwema! Ngollo ameamka mzima. Ameketi, amekunywa uji vikombe viwili, amemtania muuguzi. Kutapika kumekoma. Nilitembea kutoka kituoni kwenda kwenye mtihani kama bwana harusi.

Saa nne, ofisi ya kijiji. Imakulata alijaza mkeka mzima. Aina kumi na tisa, kila uyoga na udongo wake chini. Aliutaja mmoja mmoja kwa Kinyamwezi: huu huota na mti huu, huu huja na mvua za kwanza, huu chemsha umwage maji, huu usiuguse. Alisema kidogo sana. Daktari aliandika sana.

Zamu yangu. Nilifunua leso nikautoa uyoga wangu mmoja, mweupe, msafi. Nilieleza dakika ishirini. Nilitaja daraja, rangi, unyevu, harufu, na vipimo vyangu vya konokono na kitunguu.

Daktari aliuchukua, akaugeuza. Akauliza:

"Chini yake kuko wapi?"

Nikamwambia sehemu ya chini nimeiacha ardhini, kama anavyofanya mtu yeyote nadhifu.

Yeye na Imakulata wakatazamana. Sikupenda walivyotazamana. Daktari akaeleza, polepole, kama mwalimu. Kuna uyoga mweupe wenye pete ambao watu hula, na kuna ndugu yake anayefanana naye juu kote, kofia hiyo hiyo, pete hiyo hiyo. Yule muuaji hujulikana kwa kifuko kilichojificha ardhini, kama ganda la yai lililopasuka. Ukikata juu, umeacha jina lake shimoni. Wala konokono si kipimo, yeye huula asidhurike. Kitunguu ndicho kabisa.

Kisha akasema neno ambalo nimekuwa nalo mchana kutwa. Uyoga ule hauna haraka. Humtapisha mtu siku ya kwanza, halafu humwachia siku moja ya kupumzika. Mtu hula, hucheka, watu humshukuru Mungu. Siku hiyo ndiyo unayoitumia kulimaliza ini.

Imakulata alikuwa ananitazama. "Valentino. Mmeula?"

"Hatujaula," nikasema.

Kiti cha mbele kimekwenda kwa Imakulata. Sikubisha.

Nilipitia kituoni. Ngollo alikuwa anawasimulia wagonjwa wenzake kuhusu nyuki aliyeingia kwenye shati la katekista. Alicheka mpaka dripu ikatikisika. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake muda mrefu. Masanja alipita mara mbili. Kila mara nilifungua mdomo, na kila mara nikamuuliza kama mvua itaendelea.

Labda ni yule ndugu mwema. Nusu kwa nusu. Nitasubiri kesho.

Naandika hili ili nijue kwamba nililiandika: niliambiwa saa nne asubuhi, na mpaka jua linazama sikusema.

Jumapili, 19 Januari

Sikwenda misa. Nilikuwa kituoni kabla ya kengele ya kwanza.

Ngollo alikuwa amelala chali. Alipofungua macho nikaona weupe wake umekuwa wa njano. Njano ya manjano yenyewe. Alijaribu kutabasamu.

"Shemeji, mbona unanitazama hivyo?"

Nikamwambia hamna kitu. Nikatoka. Nikamkuta Masanja mezani ananawa mikono. Nikamwambia:

"Si dagaa. Ni uyoga. Niliuchuma mimi na niliupika mimi."

Nilisema. Mungu ndiye shahidi wangu kwamba nilisema kabla. Lakini nilisema kwa sauti ndogo, maji yalikuwa yanatiririka, na wakati huohuo mlango ukasukumwa. Aliingia Imakulata, gauni lina matope hadi magotini, ameshika jani la mgomba kwa mikono miwili kama anayebeba sahani ya moto. Nyuma yake Julieth. Nyuma ya Julieth, Daktari Zeyana.

Jana jioni Julieth alikuwa amesikia kwa wanawake niliyoulizwa ofisini na niliyojibu. Na sufuria ya Alhamisi alikuwa ameiona. Alikwenda kwa Imakulata kabla hakujapambazuka vizuri, wakaenda wote nyuma ya bani, nilikokuwa nimejisifia kuupata, wakavitafuta vishina nilivyokata, wakavichimba.

Imakulata aliweka jani mezani. Juu yake kulikuwa na kishina kimoja cheupe, nilichokikata mimi, safi kabisa. Na chini yake kifuko. Ganda la yai lililopasuka.

Daktari alikitazama, akafumba macho kidogo. Akamwambia Masanja kwamba ndicho alichokiogopa. Masanja akauliza ni lini. Julieth akamjibu: Alhamisi jioni. Masanja alifungua kitabu chake pale palipoandikwa *dagaa*, akapiga mstari. Hakuniambia kitu. Ningependa angeniambia.

Walimpakia Ngollo kwenye gari la Daktari kwenda hospitali kubwa Tabora mjini. Mimi nilikaa nyuma kushika chupa ya dripu. Imakulata alikaa mbele na kishina chake mapajani, ili madaktari wakione kwa macho yao. Njia ilikuwa matope matupu. Julieth alikuwa amekipakata kichwa cha ndugu yake. Tulipoanza kuona nyumba za mjini alisema mara moja tu, wala hakuwa ananitazama:

"Mama alipofariki huyu hajaota meno. Nilimbeba mgongoni mimi."

Jumanne, 21 Januari

Ngollo hajui leo ni siku gani. Anawaita nyuki wake. Madaktari wanampa dawa kila saa na wanapima damu mara mbili kwa siku. Wamesema kishina kiliwaokolea muda mwingi, maana wasingejua wanapigana na nini. Wamenipima na mimi. Vijiko vinne, ini langu limekwaruzwa tu. Niliposikia hivyo niliona aibu, kana kwamba nimemwibia.

Ndugu wa Usinge wamefika. Wananisalimia kwa heshima zote, kwa sababu Julieth hajawaambia chochote. Hilo ni zito kuliko kama angewaambia.

Imakulata hajarudi Usoke. Msimu wa uyoga ndio huu, ungo wake uko tupu stesheni, na yeye yuko hapa uani, kwenye mafiga ya ndugu wa wagonjwa, anatupikia uji. Nilimuuliza kwa nini hakwenda na Daktari kwenye kazi yake. Akasema Daktari amekubali kungoja.

Tulikaa kwenye ukuta mfupi. Akaniambia bila kuulizwa. Alikuwa na binti, Mwanne, kifungua mimba wake, wa miaka sita. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi kama mwaka huu. Imakulata alikuwa bado kijana, hana subira, anatumia kisu. Uyoga ulikuwa mweupe, mzuri. Mtoto alitapika siku moja, siku ya pili akaomba acheze nje, akacheza. Siku ya nne wakamzika.

Aliyasema hayo huku anakoroga uji, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi.

"Tangu hapo sijaukata uyoga," akasema. "Naung'oa. Nautazama chini yake."

Mimi, mwenye ufasaha, nilisimama, nikavua kofia.

"Shikamoo, dada Imakulata."

Alinitazama kidogo. "Marahaba." Akanijazia kikombe.

Ijumaa, 24 Januari

Leo asubuhi Ngollo alimtambua dada yake. Mchana akaomba maji. Saa kumi akauliza ni nani anayeangalia mizinga yake, na kwa nini mimi nimekonda.

Daktari wa wodi amesema damu inarudi vizuri, ini limeanza kujitengeneza. Itachukua wiki nyingi. Asinywe pombe, asibebe mizigo. Lakini ataishi. Alilirudia neno hilo mara mbili kwa sababu Julieth alimwomba alirudie.

Nilikwenda kwenye mafiga nikalia. Mama mmoja wa Bukene alinipa kanga nijifute. Nikamwambia ni moshi. Akasema ndiyo, moshi wa hapa ni mkali.

Kisha nikaingia wodini, nikapiga magoti mbele ya Ngollo na ndugu zake wote, nikasema kila kitu. Dagaa, "hatujaula", na ile Jumamosi nzima niliyokaa kitandani kwake. Wazee wa Usinge waliinamisha vichwa. Ngollo ndiye aliyejibu kwanza. Akasema, kwa sauti nyembamba ambayo si yake, kwamba kosa langu ni kubwa, lakini uyoga wenyewe, kusema ukweli, ulikuwa mtamu.

Julieth alicheka. Kisha akalia. Kisha akanishika bega, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Nimeapa mbele yao wote: sitashughulika na uyoga tena maisha yangu yote. Nimeandika hapa na kutia sahihi. *V. Lugembe.*

Jumatano, 5 Februari

Tumerudi Usoke na Ngollo. Anaugulia kwetu. Amepungua nusu, fimbo mkononi, lakini kicheko kimeanza kurudi, kidogokidogo, kama redio yenye betri kuukuu. Imakulata anapita kila jioni kumletea ndizi.

Leo amekuja Daktari Zeyana kutujulia hali. Akatuambia jambo. Kile kishina na ule uyoga wangu wa maonyesho amevikausha na kuvipeleka kwa wataalamu wenzake. Uyoga huu unafanana na wauaji wengine wanaojulikana, lakini haulingani sawasawa na hata mmoja. Unga wa chini ya kofia una tofauti, kifuko kina tofauti. Huenda ni aina ambayo haijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani. Itachukua mwaka au zaidi kuthibitisha. Ikithibitika, itabidi upewe jina. Wakati mwingine, akasema, hupewa jina la mtu aliyeupata. Yeye anafikiria jina la Imakulata.

Nilimsindikiza Daktari hadi kwenye gari kwa adabu. Nikarudi nikakaa.

Imakulata! Namheshimu, ni dada yangu, shikamoo nampa kila siku. Lakini haki ni haki. Aliyeuona kwanza ni nani? Uliota nyuma ya bani la nani? Na nani aliyethibitisha nguvu zake, kwa kuhatarisha ini lake mwenyewe? Yeye alichimba nusu ya chini tu. Nusu ya juu, ambayo ndiyo yenye kofia, pete na sura, niligundua mimi, siku tatu kabla yake, na ushahidi umo kwenye daftari hili, umepigiwa mstari.

Kile kiapo cha Ijumaa ile hakihusiki. Niliapa kutoshughulika na uyoga. Hili ni suala la jina.

Nimeshaandika barua, kurasa tano. Kesho nitaipeleka Tabora kwa mkono. Nimemsomea Julieth. Alisikiliza hadi mwisho, akachukua ndoo, akaenda kisimani, ingawa ndoo zote zimejaa.

Ngollo naye alisikia kutoka mkekani. Akasema kama ni hivyo, basi uyoga upewe jina lake yeye, kwa kuwa ndiye aliyekula sahani mbili.

Nimemweleza kwa upole, kama anavyostahili mgonjwa, kwamba katika sayansi watu hawapewi heshima kwa kula tu. Akajifunika shuka hadi kichwani na kuanza kutikisika.

Nadhani sumu haijamtoka yote.